Khichdi bila muchele: juu ya vyakula vya Wahindi vinavyotolewa wanga

Katika vitabu vyetu vya mbele tumeandika juu ya bugali, juu ya sombe, juu ya namna mababu walikuwa wanagawanya nyama ya muwindo. Safari hii tunavuka bahari. Sababu yenyewe ni hii: mmoja wetu alimusindikiza papa yake Uhindi kwa matunzo, sawa vile Wakongomani wengi wanafanyaka wakipata makuta ya tikiti. Papa iko na ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi, na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Walirudi na dawa, na pamoja na dawa karatasi mbili za rejime. Kwenye karatasi ya kwanza: muchele hapana, roti hapana, viazi hapana, sukari hapana. Kwenye ya pili: majina ya vyakula vya Kihindi vilevile, lakini kila kimoja kimetolewa wanga. Khichdi bila muchele. Roti bila ngano. Biryani ya shufleri. Halwa bila sukari.

Papa alisoma, akakunja karatasi, akauliza: «Sasa Wahindi wenyewe wanakula nini?»

Tulicheka, lakini ulizo lilibaki. Sisi ni chama cha kuchunga desturi, na hapa kulikuwa watu wengine, tena watu wengi kutupita mara nyingi sana, wanaotengeneza upya desturi yao ya meza juu ya ugonjwa. Tuliona inafaa kuonja mbele ya kuhukumu. Kwa muda wa majuma manne, kila siku ya posho, tulipika vyakula vya zile karatasi nyumbani kwa mama mmoja wa chama chetu aliyekua karibu na duka za Wahindi na anayejua kukaanga jira bila kuiunguza. Tutasema hapa tulichoona.

Tuanze kwa kutenda haki. Watu wa Uhindi hawafanyi hivi kwa mchezo wala kwa kufuata mode tu. Uchunguzi mkubwa wa baraza lao la utafiti wa matibabu, uliotangazwa katika mwaka wa 2023, ulikadiria kwamba watu milioni 101 wako na ugonjwa wa sukari, na wengine milioni 136 wako mulangoni pake. Uchunguzi huohuo, katika sehemu yake iliyotoka mwaka wa 2025, ulionyesha kwamba karibu sehemu 62 kwa mia za nguvu ambazo Muhindi anapata katika chakula zinatoka kwa wanga na sukari, zaidi sana muchele mweupe na unga wa ngano. Kwa hiyo mutu akisema «tupunguze wanga», hatupingi. Tunachouliza ni kitu kingine: chakula kikitolewa kile kinachokishikilia, je, kingali kile chakula?

Khichdi ndiyo ya kwanza tuliyopika, na tutakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi. Ni muchele na choroko zilizopasuliwa, vinachemshwa pamoja na manjano na chumvi mpaka vinakuwa kitu kimoja laini, kisha juu wanamimina samli ya moto yenye jira. Basi. Hakuna kingine. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko, aliyefika Uhindi katika karne ya 14, aliandika kwamba watu wa kule walikuwa wanachemsha choroko na muchele na kula na samli asubuhi. Ni kusema, hii sahani ilikuwa ya kawaida mbele ya pilipili kufika katika nchi ile, maana pilipili ililetwa baadaye na Wareno. Mutoto asiye na meno anapewa khichdi. Mugonjwa anapewa khichdi. Kule Bengal, mvua kubwa ikinyesha, watu wanaitamani pamoja na samaki ya kukaanga. Katika mwezi wa 11 mwaka wa 2017, mupishi Sanjeev Kapoor na wenzake walipika khichdi ya kilo 918 katika sufuria moja kule Delhi, na ikaingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia. Hatuna haja sana na rekodi, lakini angalia ni chakula gani walichagua: hapana biryani ya wafalme, ila uji wa mugonjwa.

Karatasi inasema: toa muchele, weka shufleri (ile shu yenye kichwa cheupe, wengine wanaiita koliflawa) iliyokwaruzwa mpaka inakuwa punje ndogondogo. Hesabu inaeleweka vizuri. Katika gramu 100 za muchele uliopikwa kuna gramu 28 hivi za wanga; katika gramu 100 za shufleri mbichi kuna 5 hivi. Kwa macho, sahani ilikuwa nzuri kweli. Rangi ya manjano, punje nyeupe, samli ikingaa. Mama alisema hata Muhindi angedanganyika kutoka mulangoni.

Mudomoni mambo yalikuwa mengine. Muchele ukichemka sana unapasuka, wanga wake unatoka na kushika choroko, na ule ndio ulaini wa khichdi. Shufleri haina cha kutoa isipokuwa maji. Kwa hiyo tulipata choroko huku, shufleri kule, na maji katikati, kama watu watatu wasiojuana wanaongojea gari moja. Tukaongeza moto ili maji yakauke: ikaja harufu ya shu iliyochemshwa, na harufu hiyo hata jira haiishindi. Papa alikula vijiko vinne. Akasema ni mboga nzuri. Aliita «mboga», na hatukumusahihisha, kwa sababu alikuwa na haki. Tungemupa ile sahani kwa jina la mboga ya shufleri na choroko, angeisifu na kuongeza. Kosa lilikuwa katika jina.

Wengine watasema tunashikilia muchele kama sanamu. Basi tuangalie muchele uko wapi katika maisha ya Wahindu wengi. Kuna sherehe ya kumulisha mutoto chakula cha kwanza, wanaiita annaprashan, na kwa kawaida ni muchele uliopikwa. Bibi-arusi akiingia mara ya kwanza katika nyumba ya bwana, katika familia nyingi anasukuma kwa muguu wa kuume chombo kidogo kilichojaa muchele, umwagike ndani ya nyumba. Mutu akifa, watoto wanamutolea matonge ya muchele na ufuta. Kitu ambacho kinakuwa pale unapozaliwa, unapoolewa na unapokufa hakiwezi kubadilishwa na kingine kwa sababu tu vyote viwili ni vyeupe.

Lakini tusiwe wagumu kupita Wahindi wenyewe. Shufleri si ya kwao tangu zamani. Waingereza ndio walioileta katika mwaka wa 1822. Viazi na nyanya zilitoka Amerika. Leo viazi kwa shufleri, ile aloo gobi, hakuna atakayethubutu kusema si chakula cha Kihindi. Desturi yao inapokea wageni bila shida. Ila walipokuja, wageni wale walipewa kiti chao na jina lao. Hakuna aliyesema kiazi ni muchele.

Roti ndiyo iliyotuumiza zaidi. Hapa kwetu kila mutu anajua chapati. Ilifika mashariki ya Kongo kwa njia ya pwani na ya wachuuzi Wahindi, pamoja na sambusa, na hata wakati duka za wageni zilipokamatwa kwa amri ya mwaka wa 1973, chapati haikuondoka na wenye duka. Roti ya kila siku ya Uhindi ni nyepesi kuliko chapati yetu: unga wa ngano nzima, maji, basi, inachomwa bila mafuta na mwisho inawekwa juu ya moto wenyewe ivimbe kama mupira. Inavimba kwa sababu ngano iko na ule utelezi unaovutika kama mpira na kufunga mvuke ndani. Unga wa lozi hauna. Karatasi inajua hivyo, na inaamuru kuongeza isabgol, yaani maganda ya mbegu yanayolimwa sana Gujarat, ambayo Wahindi wamekunywa tangu zamani kwa ajili ya tumbo lililofunga. Tulipenda hiyo akili: kutafuta dawa ndani ya nyumba. Na kweli isabgol ilishika unga, tukaweza kuusukuma kati ya vipande viwili vya plastiki.

Haikuvimba. Ilikuwa na ladha ya biskuti isiyo na sukari, si mbaya. Lakini tulipoichana ili kuchota mchuzi, ilivunjika. Mara ya pili, ikavunjika. Mwisho Papa akaomba kijiko. Na hapo njo tulielewa kilichopotea. Roti si mukate wa kando, ndiyo mukono. Muhindi wa Punjab anachana kipande kwa vidole vya kuume, anakikunja, anachota dengu, anapeleka kinywani, sawasawa na sisi na tonge la bugali. Ukimupa kijiko umemubadilishia namna ya kukaa mezani. Tena ule mufuko wa unga wa lozi, uliobebwa katika sanduku kutoka kule, ulikuwa na bei ambayo hatutaiandika kwa haya.

Juu ya halwa hatuna mengi. Ile ya karoti, iliyokwaruzwa na kupikwa katika maziwa kwa saa nyingi, inabeba utamu wake mwenyewe. Tulitia nusu ya kijiko cha ile sukari bandia na ikaacha ubaridi ajabu kwenye ulimi. Papa alisema afazali karoti mbichi. Tuendelee.

Siku ya posho ya tatu tuliweka karatasi pembeni na kufanya kitu kingine: tulitafuta vyakula ambavyo Wahindi wenyewe walipika bila muchele na bila ngano mbele ya mutu yeyote kutaja rejime. Ni vingi! Mbiringanya inayochomwa juu ya moto mpaka ganda linaungua, kisha inapondwa na kitunguu na pilipili, wanaiita baingan bharta. Mboga ya majani ya kijani na paneer, ile jibini ya maziwa yaliyogandishwa kwa ndimu. Kule Andhra kuna pesarattu, ambayo ni kama chapati nyembamba ya choroko nzima zilizolowekwa usiku na kusagwa na tangawizi. Kaskazini kuna chilla, ya unga wa dengu ao ya choroko. Hizi za mwisho haziko bila wanga, na tusidanganyane: unga wa dengu uko na gramu 58 hivi za wanga katika gramu 100. Lakini uko pia na protini karibu 22 na nyuzi 10 ao zaidi, na ile inashibisha na kupanda polepole katika damu kuliko muchele mweupe. Pesarattu ilifaulu mara ya kwanza. Ilikaa nzima, ilichanika vizuri, ilichota mchuzi. Papa alirudisha kijiko kwa mama bila kusema kitu.

Hapa ndipo tunaona kosa la watengenezaji wa zile karatasi, na tunalisema kwa heshima maana nia yao ni nzuri. Wanachukua sahani inayopendwa zaidi, wanaondoa moyo wake, wanavalisha kilichobaki nguo za zamani. Wangeweza kwenda kwa bibi wa kijiji na kumuuliza: mwaka ambapo muchele ulikosekana, mulipika nini? Kwa maana muchele mweupe na ngano kila siku, kwa kila mutu, si desturi ya zamani hivyo. Tangu miaka ya 1960, kwa mbegu mpya na misaada ya serikali, ngano na muchele vilisukuma nafaka zingine pembeni ya shamba na ya sufuria. Sehemu ya kile tunachoita chakula cha mababu ni chakula cha stoki za serikali.

Chukua ulezi. Ni nafaka iliyotoka nyanda za juu za Afrika ya mashariki na kufika Uhindi zamani sana. Katika Karnataka wanapika unga wake katika maji, wanakoroga kwa muti, wanaviringa tonge kubwa jeusi wanaloliita ragi mudde, wanalichovya katika mchuzi na kulimeza bila kutafuna. Wasomaji wetu wa Kivu wanacheka sasa, kwa sababu hiyo ni bugali, tena bugali ya ulezi ambayo nyanya zetu walipika na sisi tumeiachia watoto katika uji. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka wa 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizi ndogondogo, kwa ombi la Uhindi. Lakini kuna wanaouza ulezi kama chakula kisicho na wanga, na hiyo si kweli: uko na wanga karibu sawa na muchele. Kinachozidi ni nyuzi na kalsiamu. Mugonjwa wa sukari asile matonge matatu kwa kuambiwa ni dawa.

Kitu kingine kilitushangaza. Wahindu wengi wana siku za kufunga, kama ekadashi na siku tisa za Navratri, ambapo nafaka ni mwiko. Tulifikiri: basi hapa rejime imekwisha kupatikana ndani ya dini! Kumbe siku zile wengi wanakula sabudana khichdi, na sabudana ni punje za wanga wa muhogo, zinazotengenezwa sana upande wa Salem katika Tamil Nadu, zikikaangwa na karanga na viazi. Nafaka hakuna, sheria imefuatwa, lakini wanga umejaa sahani. Sisi watu wa muhogo hatuwezi kuwacheka. Tulipika hiyo pia, na ilikuwa tamu kuliko zote, na Papa aliruhusiwa vijiko viwili tu.

Kuna jambo ambalo karatasi haikugusa hata kidogo: nani anaweza kulipa? Kwa sheria ya mwaka wa 2013, familia nyingi za Uhindi zinapata kilo 5 za nafaka kwa kila mutu kila mwezi, na tangu mwezi wa kwanza 2023 wanapewa bule. Ni muchele na ngano. Hakuna anayegawa lozi. Katika hekalu la Amritsar, Masingasinga wanalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, tajiri na masikini chini pamoja, dengu na roti, bila kulipa. Roti ikiwa ya lozi, ile meza inafungwa kesho yake. Wanga ndio chakula kinachoweza kugawanywa kwa wengi, na ndiyo maana ulifanywa mutakatifu. Ugonjwa wa sukari nao umefika kwa masikini, na kwao kitu kinachowezekana ni kupunguza tonge na kuongeza dengu, mboga, yai likipatikana. Chukua rajma, ambayo ni maharagi yetu yaleyale mekundu, wanayokula Punjab na Delhi na muchele. Karatasi ilisema toa muchele wote. Tulijaribu kugeuza: maharagi mengi, muchele kidogo kama chumvi juu. Ilibaki rajma chawal. Hakuna aliyekosa kitu.

Hatuko waganga. Hata vile, tumeona hatari moja na tutaisema wazi: mutu anayejipiga insulini, ao anayemeza vidonge vinavyoshusha sukari, akiacha wanga siku moja kwa ghafula bila daktari kupunguza dawa, sukari inaweza kuanguka mpaka akazimia. Kupika upya desturi kunagusa pia chupa ya dawa. Wahindi wa kale walijua ugonjwa huu. Waliuita madhumeha, mukojo wa asali, na vitabu vyao vya uganga vilimuelekeza mugonjwa kwenye shayiri. Vilimwachia kitu cha kutia kinywani.

Tumeulizwa kama vipimo vya Papa vilibadilika katika yale majuma manne. Hatutaandika. Mutu mmoja si uchunguzi, na damu yake ni yake. Tutasema tu anachokula. Asubuhi pesarattu mbili ndogo. Mchana maharagi, sombe, na bugali ambayo mama mwenyewe anamukatia, ukubwa wa yai. Jioni mbiringanya ya kuchoma, ambayo sasa watoto wa nyumba wanaomba bila kujua ilitoka wapi. Khichdi ya shufleri haijarudi mezani, isipokuwa siku moja mgeni alipokuja bila kutangaza na shufleri ilikuwako. Mama alimuambia ni mboga, mgeni akaongeza mara mbili. Karatasi ya pili tumeibandika kwenye mulango wa jiko. Juu ya kila jina mama ameandika kwa biki, kwa Kiswahili, jina lingine.